Sari Nyeupe ya Mjomba

"Hiyo si nyekundu ya arusi, kaka. Hiyo ni nyekundu ya pazia."

Kijana mwenye miwani aligeuka. Ilikuwa Jumamosi, saa ya watu kusukumana, na duka la vitambaa lilikuwa limefurika mpaka mlangoni: wanawake wakivuta majora rafuni, wauzaji wakirushiana mikasi juu ya vichwa vya wateja. Mbele yake alisimama msichana mwembamba mwenye futi shingoni, gauni la kahawia lenye alama za chaki, na pini tatu amezibana midomoni. Alizitoa pini kwanza, ndipo akaendelea kumsuta.

"Ukimvisha bibi arusi kitambaa hicho, wageni watauliza dirisha liko wapi."

"Mimi nimetumwa tu," kijana alijitetea. "Mama amesema nilete nyekundu. Sikujua nyekundu zina koo zake."

"Zina koo, na zina ugomvi. Nani anaolewa?"

"Binamu yangu."

"Basi chukua hii." Akachomoa jora kutoka chini ya mengine bila hata kuliangalia. "Nyekundu ya bibi arusi ni ya jua linapochomoza. Inasema nyumba inaanza. Siku ya kuamkia arusi mtampaka manjano mwili mzima, atakasike, apate baraka. Bangili za kijani, apate kizazi. Kisha nyekundu. Halafu bwana arusi anamtia unga mwekundu katikati ya nywele, na hapo hana tena pa kukimbilia."

"Na nyeupe?"

"Inategemea unamwuliza nani."

"Kwetu nyeupe ni ya mjane," alisema, na kicheko kikamtoka usoni. "Mama yangu anaivaa tangu nina miaka sita."

"Pole sana. Kwetu sisi bibi arusi huingia na sari nyeupe yenye ukingo mwekundu. Inaitwa panetari, na anayeileta ni mjomba, kaka wa mama. Ile nyeupe ni usafi anaotoka nao kwao. Baadaye ndipo anavishwa nyekundu ya ukweni. Ukimwona bibi arusi wa kwetu ameingia bila nyeupe, basi ama mjomba hakuleta kitu, ama msichana amemkataa mjomba wake mbele za watu."

"Haya! Sote Wahindu, na hatuelewani hata juu ya nguo."

"Tungeelewana, mimi ningeshona nini?"

Alicheka kijana yule, akasahau alichotumwa. "Wewe una mjomba?"

"Nina mjomba tu. Alinilea tangu mama yangu afariki. Jamaa waliobaki ni wa kuhudhuria arusi na kula."

"Na namba ya simu unayo?"

Muuzaji aliyekuwa akiwasikiliza aliguna. Msichana alirudisha pini zake mdomoni, akachukua chaki, akaandika namba juu ya karatasi iliyofungia kitambaa. Mama yake kijana alipokifungua kitambaa hicho nyumbani alidhani namba ile ni alama ya dukani.

Kijana alikuwa fundi wa miwani. Alikaa siku nzima katika duka dogo lenye kioo mbele, akiwafunika watu jicho moja na kuwauliza wanaona herufi gani, na msichana akambatiza jina la Bwana Miwani. Yeye mwenyewe alishona blauzi za maharusi katika chumba cha juu chenye cherehani mbili na dirisha moja, na mji mzima ulimwita Fundi, kana kwamba mafundi wengine walikuwa wanajifunza. Kila adhuhuri simu ililia.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula pini mbili na maneno ya mteja."

"Njoo nikupime macho."

"Ulinipima juzi."

"Juzi nilipima la kulia. La kushoto bado linaniangalia vibaya."

"Hilo ndilo linaloona ukweli," alimjibu, na wote wawili wakacheka, maana mapenzi yakiwa mabichi hata utani mkavu unachekesha.

Mjomba naye alikuwa fundi. Alikuwa ameshona miaka arobaini, sasa macho yamemchoka, lakini tangu mpwa wake alipoanza kuipokea simu kwa kugeukia ukutani, mzee alijua. Alitafuta hariri nyeupe, akaanza kuishonea ukingo mwekundu kwa mkono. Cherehani aliikataa. Alisema mama yake msichana angekuwa hai angetaka mkono. Tatizo likawa uzi kukataa kuingia sindanoni, na mzee akawa anatukana sindano.

Bwana Miwani alikwenda nyumbani kwao na kasha lake la vioo, akampima, akamtengenezea miwani ya kazi za karibu. Mjomba aliivaa, akainua ukingo mpaka puani.

"Lo! Mwanangu, sasa naona hata makosa yangu."

"Yapo, Mjomba?"

"Yapo mawili. Nitafumua." Akafumua kweli, kazi ya wiki nzima, akaanza upya huku akiimba. Kuanzia siku hiyo alimwita kijana yule mwanangu, wala hakumwita kwa jina jingine tena.

Basi siku ya kupelekana ukweni ikafika. Mama yake Bwana Miwani aliwapokea sebuleni, amevaa nyeupe isiyo na hata uzi mmoja wa rangi. Ilikuwa nyumba safi ya kuogopesha, ya watu wasiomwaga kitu. Alimtazama msichana kuanzia kisigino mpaka utosini, akaridhika. Aliposikia anashona, akaridhika zaidi, akaagiza chai. Mambo yaliharibika pale Mjomba alipofungua kifurushi chake kwa maringo.

"Hiyo ya nani?" mama aliuliza.

"Ya bibi arusi, dada yangu. Panetari. Ukingo huu wote ni mkono, gusa uone."

Mama hakugusa. Aliweka kikombe chini.

"Nilikuwa na miaka thelathini mume wangu alipofariki," alisema. "Wanawake waliniingilia chumbani asubuhi. Wakanivunjia bangili juu ya jiwe, wakanifuta unga wa nywele kwa kitambaa kibichi, wakanivisha hii. Hakuna aliyeniuliza. Siku hizi wajane wengi wanavaa watakavyo, najua, nawaona njiani na nyekundu zao. Mimi nilishachelewa. Lakini mke wa mwanangu haingii kwangu na rangi hii. Nimeivaa mimi, imetosha."

"Mama, kwetu si rangi ya msiba," msichana alisema taratibu. "Mjomba ananitoa nayo kwetu. Ni kama kunibariki."

"Kwenu. Na unaolewa wapi?"

"Nikikosa kuivaa, watu wa kwetu watasema nimemkataa."

"Watasema wiki moja. Mimi nitaiona miaka yote."

Mjomba alianza kuikunja sari, mikono ikiuficha ukingo ndani. Msichana aliitazama ile mikono, na moyo wake ukawa mgumu hapo hapo. "Naingia na sari ya mjomba wangu," alisema, "au siingii."

Wote wakamgeukia Bwana Miwani. Bwana Miwani alivua miwani, akaifuta.

"Niachieni mimi," alisema.

Wasichana mnaosoma hadithi hii, mwogopeni mwanamume anayesema niachieni mimi huku anafuta kitu. Wiki haikupita, simu ikalia.

"Mpenzi, Mama amekubali."

"Acha utani!"

"Haki ya Mungu. Amesema, kama ni desturi yenu, nyeupe na iwe nyeupe."

"Nitakwenda nimshukuru. Nitambusu miguu."

"Hapana, hapana, usimtajie kabisa. Unajua kidonda chake. Ukimtajia utamtonesha."

Msichana alilia kwa furaha juu ya blauzi ya mteja. Jioni ile ile, mama naye aliambiwa kwamba msichana amekubali, sari itakuwa nyekundu, ila asimtajie kwa sababu bado anaona haya. Mama akasema kumbe ana adabu. Kwa wiki tatu nyumba mbili zilipendana kuliko walivyopata kupendana watu wa nyumba moja, kila upande ukijiona umeshinda na ukiwahurumia walioshindwa. Ndumilakuwili huwa hajijui. Yeye hujiita mpatanishi.

Zilibaki siku nne Bwana Miwani akapanda ngazi za chumba cha kushonea.

"Nipe ile sari niipeleke kwa mpiga pasi wa mvuke. Pasi yenu itaiunguza."

"Mimi fundi, nitaunguza hariri?"

"Wewe wiki hii si fundi. Wewe ni bibi arusi. Nipe, mpenzi wangu, na mimi nifanye kitu kimoja kwa ajili ya sari ya Mjomba."

Akampa. Alimpa kwa mikono miwili, akambusu kwenye kidole kilichoshika kifurushi. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii kilipanda ngazi kikaichukua nguo yenyewe.

Mengine msichana aliyajua baadaye, kutoka kwa mtia rangi. Mtia rangi aliifungua sari, akashangaa. "Hii si panetari? Nani anaitia rangi panetari?" Kijana akamjibu: "Itie. Nyekundu iliyokolea." Mtia rangi akamwambia ule ukingo utamezwa, hautaonekana tena. "Na wewe una hakika?" Kijana akasema ana hakika. Hesabu yake ilikuwa rahisi: siku ya arusi asubuhi msichana hatakuwa na nafasi ya kukataa, atakasirika kidogo, atavaa, jioni atakuwa mkewe, na wake husamehe. Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mwoga tu, na uoga wake ulikuwa wa kuwatendea uovu wale wanaompenda.

Asubuhi ya arusi chumba cha kuvalia kilinuka maua na nywele zilizopakwa mafuta. Msichana alikaa mbele ya kioo, hina imekolea mpaka viwikoni, manjano ya jana bado yamejificha kwenye kucha. Aliwatoa nje wanawake waliokuja kumsaidia, maana sari ya Mjomba alitaka kuivaa peke yake. Akafungua sanduku alilotumiwa na Bwana Miwani asubuhi hiyo.

Alidhani limekosewa. Akatoa kitambaa, akakipeleka dirishani, akapitisha kidole ukingoni. Alizifahamu zile nyuzi. Kila usiku kwa miezi mitatu alikuwa amelala akisikiliza sindano ya mzee ikipita ndani ya hariri ile. Zilikuwapo zote, nyekundu ndani ya nyekundu, hazionekani.

Alipiga simu. Bwana arusi alikuwa chumba cha ng'ambo ya ukumbi, anafungwa kilemba.

"Umefungua?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa akiingojea simu hiyo.

"Umeifanya nini?"

"Mpenzi, sikiliza. Mama hakukubali. Nilijaribu, Mungu anajua nilijaribu. Ningefanya nini? Ni rangi tu. Si umesema mwenyewe nyekundu ni ya jua linapochomoza?"

"Uliniambia amekubali."

"Nilitaka muwe na amani."

"Mjomba wangu anakuja sasa hivi kunichukua hapa mlangoni. Nimwambie nini?"

"Mwambie... mwambie nitaeleza."

"Utaeleza?"

"Nitaeleza, naapa."

Msichana alifumba macho. Nje walianza kupiga ngoma. Alimpenda, na hilo ndilo lililokuwa baya. Angekuwa hampendi angeitupa simu dirishani na hadithi ikaisha hapa.

"Sikiliza na wewe," alisema. "Nitaivaa. Nitaivaa mbele ya watu wote wa kwetu. Lakini watauliza panetari iko wapi. Lazima waulize. Wakiuliza, utasimama useme: ni mimi. Ni mimi niliyeitia rangi. Usimtaje mama yako, usinitaje mimi. Sema ni mimi, basi, nami nitakusamehe na sitalirudia neno hili maisha yangu yote."

"Nitasema."

"Kabla hatujazunguka moto."

"Kabla ya moto. Nakuapia kwa roho ya baba yangu."

Akavaa. Mikono ilipinda mapindo yenyewe, kwa mazoea ya kazi. Mjomba alipobisha hodi, amevaa koti lake la heshima na miwani ya kazi za karibu ambayo haikufaa kutazamia mbali, alisimama kizingitini kama mtu aliyekosea nyumba. Kisha akasogea, akainua pindo la sari, akaliweka chini ya macho.

"Nyuzi ni zangu," alisema.

"Mjomba..."

"Umeikataa, mwanangu?"

"Sijaikataa! Mjomba, nisingeikataa hata kwa kufa."

"Nani, basi?"

Msichana alitazama upande wa ng'ambo ya ukumbi, na mzee akajua. Alilipapasa lile pindo.

"Atasema mwenyewe," msichana alinong'ona. "Ameniapia."

"Vema. Basi wewe usimsemee. Mtu hulisema kosa lake kwa kinywa chake. Ukimsemea umemvua nguo, na mwanamume aliyevuliwa nguo na mkewe hamsamehe. Niapie."

"Naapa, Mjomba."

Akampa mkono, wakaingia ukumbini.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wahindu wa mji ule hawakuwa wengi, kwa hiyo arusi ya mmoja ilikuwa arusi ya wote, na wote walikuja na macho. Jukwaa lilipambwa maua ya njano, moto mdogo ukiwaka katikati. Bwana arusi alikaa amevaa krimu na kilemba chekundu, mzuri kweli, usimwonee. Mama yake alikuwa safu ya mwisho kabisa, nyuma ya nguzo. Hakuna aliyemfukuza. Alijikalisha huko mwenyewe ili weupe wake usianguke juu ya mwanawe.

Kuhani alifunga pindo la sari ya msichana na shali ya bwana arusi, fundo moja, ili wazunguke moto wakiwa wamefungwa. Hapo ndipo bibi mmoja wa upande wa msichana, mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto, aliposema:

"Ngojeni kwanza! Panetari iko wapi?"

Watu wakanyosha shingo.

"Mtoto ameingia na nyekundu tupu. Wewe mwanamume," akamnyoshea Mjomba kidole, "mtoto wa dada yako unamtoa bila sari? Au binti ameitupa?"

Minong'ono ikaanza safu ya mbele, ikatambaa mpaka mlangoni. Msichana aligeuza uso, akamtazama bwana arusi. Bwana arusi alitazama moto. Msichana akalivuta fundo kidogo, taratibu, kama mtu anayemwamsha mwenzake. Alitazama moto. Kuhani alikohoa. Pale karibu na sikio la bwana arusi, jasho lilikuwa likitiririka kutoka chini ya kilemba, na midomo ikafunguka, msichana akaiona ikifunguka, kisha ikafungwa.

"Ni mimi," ilisema sauti.

Alikuwa Mjomba. Amesimama, mikono ameikunja mbele ya koti lake.

"Ni mimi niliyeipeleka kwa mtia rangi. Nimezeeka, ndugu zangu, nilichanganya desturi za huku na za kule. Nilidhani mnataka nyekundu. Mnisamehe."

Watu walitazamana. Kisha mtu akacheka, na ukumbi mzima ukapasuka. "Fundi wa miaka arobaini hajui rangi!" "Mpeni miwani!" "Anayo, ndiyo hiyo!" Mzee alitabasamu, akainamisha kichwa, akawaacha wacheke. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Hata hapo msichana alikuwa bado anangoja. Neno lilikuwa bado linaweza kusemwa, na kulisema sasa kungekuwa kutamu kuliko mwanzo. Bwana Miwani aliinua uso, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyevutwa kutoka majini. Alimnyoshea mzee mkono kwa ukarimu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Hakuna neno, Mjomba. Tumekusamehe."

Watu wakapiga makofi.

Msichana aliinama, akaanza kulifungua fundo. Halikufunguka upesi, kuhani alikuwa amelikaza, na alilazimika kutumia kucha. "Unafanya nini?" bwana arusi alinong'ona. "Mpenzi, imekwisha, yamepita, unafanya nini?" Fundo lilipofunguka aliikunja ile shali vizuri, akamwekea magotini, akashuka jukwaani, akamshika mjomba wake mkono, wakatoka kwa njia ya katikati. Hakusema neno hata moja kwa sababu alikuwa ameapa.

Kwa kuwa hakusema, watu walisema. Walisema mzee mpumbavu amemvunjia mpwa wake arusi. Walisema msichana aliona aibu mno juu ya ile sari akashindwa kuvumilia. Kufika mwezi wa pili mzee alikuwa na jina jipya: Mzee Rangi. Watoto walimwita hivyo njiani, wateja wakamwita hivyo dukani, naye akaitika.

Mama yake Bwana Miwani alipanda ngazi za chumba cha kushonea siku moja, akahema mlangoni. Mtia rangi alikuwa amemwambia.

"Nilidhani umekubali," alisema.

"Nami nilidhani umekubali, Mama."

Mama alikaa juu ya kiti cha wateja. Alitazama blauzi nyekundu zilizoning'inia pande zote za chumba.

"Mimi walinivua bila kuniuliza. Wewe umevishwa bila kuulizwa. Na aliyefanya ni mwanangu." Akaligusa pindo la blauzi moja. "Rudi. Ingia na nyeupe yako. Mimi nitafumba macho."

"Sari si neno tena, Mama. Mwambie aseme tu."

"Aseme wapi?"

"Pale pale walipocheka."

Mama alitikisa kichwa, na hakuna mama aliyemjua mwanawe vizuri zaidi. "Basi umempa mlima," alisema, akateremka.

Bwana Miwani alipiga simu kila siku. Alilia, machozi yake yalikuwa ya kweli. Siku moja alikwenda mwenyewe kwa Mjomba, akapiga magoti karibu na cherehani, akasema: Ni mimi, Mjomba, nisamehe. Mzee alimwinua.

"Nimekusamehe zamani, mwanangu. Lakini humu tuko wawili, na mimi nilijua."

"Fundi anataka niseme mbele ya watu."

"Sasa mimi nikuzuie?"

Kijana alimpigia msichana simu jioni hiyo, sauti imechangamka. "Jumapili kuna arusi. Watu wote watakuwapo, wale wale. Nitasema. Safari hii nitasema."

"Usiniambie. Sema."

"Na nikisema?"

Msichana aligeukia ukutani. Alikuwa ameikunja ile sari nyekundu ya aibu ndani ya kabati, na usiku mwingine aliitoa akaishika tu. "Ukisema," alijibu, "nitatoka mbele ya watu nije nikae kando yako."

Jumapili alikwenda ukumbini kumvalisha bibi arusi wa watu. Alivaa gauni la zambarau ambalo Bwana Miwani alilipenda, akajifanya hakumbuki kwamba alilipenda. Mjomba alikaa kona ya nyuma. Bwana Miwani alikuwa safu ya tatu, amenyoa, anafuta miwani. Macho yao yalikutana, akamtikisia kichwa: leo.

Mchekeshaji wa arusi alishika kipaza sauti. "Bibi arusi wetu yuko salama, ameingia na nyeupe yake! Tunamshukuru mjomba wake. Mzee Rangi tulimficha ndoo ya rangi!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kule kona Mjomba alinyosha mkono juu, kuonyesha kwamba amesikia na hana kinyongo.

Bwana Miwani akasimama.

Kicheko kilipungua, kikaisha. Watu wakageuka. Msichana alikuwa amepiga magoti jukwaani anaweka sawa mapindo ya bibi arusi, pini mdomoni, na mikono yake ikasimama. Bibi arusi aliyekuwa juu yake alimsikia akiacha kupumua.

"Ndugu zangu," Bwana Miwani alisema. "Mimi nina neno." Aliwatazama watu, safu moja baada ya nyingine, na kila uso ulikuwa wa mtu atakayenunua miwani au atakayekwenda kusimulia. Akavua miwani, akaifuta. "Nilitaka tu kusema... nawatakia maharusi kila la heri. Mungu awajalie amani nyumbani."

Makofi yakapigwa. Akakaa.

Msichana alimaliza mapindo. Alichoma pini ya mwisho, akaigonga kwa kidole kuhakikisha imeshika, akamwambia bibi arusi ageuke amwone mgongo. Alikuwa anakusanya vitu vyake mlangoni simu ilipolia.

"Umeniona?" Bwana Miwani alikuwa akihema, karibu anacheka. "Umeniona, mpenzi? Nilisimama!"

"Nimekuona."

"Nilisimama mbele ya wote. Bado kidogo tu. Wiki ijayo kuna arusi nyingine, naapa kwa roho ya..."

"Mwache baba yako apumzike," alisema. "Na usinipigie tena."

Akaifuta namba ya kijana simuni pale pale. Kisha akaenda kwenye kona, akamshika mjomba wake mkono, wakateremka ngazi za ukumbi polepole, maana mzee alikuwa bado anawachekea watu waliomuaga kwa jina lile.